Nasiha juu ya Ulezi wa Watoto na Hati za Kiapo

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu Waislamu, jueni kwamba katika amana alizowekewa mwanadamu ni chache zilizo nzito kama mtoto, na katika maneno yatokayo kinywani mwake ni machache yaliyo mazito kama ushahidi. Basi mambo mawili haya yakikutana mahali pamoja, yaani mtu akashika kalamu ili ashuhudie juu ya mtoto, yampasa atetemeke kabla ya kuandika. Na katika zama hizi yanakutana mara nyingi. Mume na mke huachana, wakagombania watoto, na kila mmoja akaenda mahakamani na karatasi iitwayo hati ya kiapo. Nasiha hii ni ya mtu huyo, na khasa ni ya rafiki yake aombwaye atie sahihi.

Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru. Watu wa pwani waliufikia zamani kwa misafara, na tangu reli ya Dar es Salaam ilipofika hapo mwaka 1907 wamezidi kwenda, wakafanya biashara, wakajenga, wakaoa. Na wenyeji wa milima ile, Waluguru, huhesabu ukoo wao kwa upande wa mama, na mjomba kwao ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mtu wa pwani amelelewa akijua kwamba mtoto huitwa kwa jina la babake. Ndoa ikivunjika, na mjomba akasema mtoto ni wa ukoo wa mamake, huyu baba huingiwa na khofu kwamba damu yake imepotea mlimani. Na khofu ikimshika mtu sana, humfungulia mlango wa uwongo.

Na upigwe mfano. Mtu wa Bagamoyo, mwuza ng'onda katika soko la Morogoro, alioa mwanamke wa Kinole, wakajaaliwa watoto wawili. Kisha wakaachana. Mama akapanda mlimani kwa mamake pamoja na watoto; binti alikuwa na miaka 4, na ndugu yake wa kiume miaka 8. Baba alipoazimu kurejea Bagamoyo, alitaka awachukue wote wawili. Akaandikiwa hati, na ndani yake mkawa na maneno haya: kwamba mama huwaacha watoto peke yao usiku, kwamba hawapeleki kusoma, na kwamba hawana nguo. Kisha akaandikiwa hati ya pili, yenye maneno yale yale, ili itiwe sahihi na shahidi. Akamwendea rafiki yake, fundi cherehani, aliyekuwa shahidi wa ndoa yake.

Akamwambia, "Ndugu yangu, nitilie sahihi yako hapa."

Fundi akasoma, akasema, "Haya ya usiku nimeyaona wapi mimi?"

"Nimekwambia mimi, nami nimeambiwa na watu. Wewe ni rafiki yangu, au si rafiki yangu?"

Fundi akaiweka karatasi chini ya mkasi, akasema, "Niachie hata kesho."

Baada ya sala ya Isha akaenda kwa mzee aliyemsomesha chuoni utotoni mwake. Akasema, "Shikamoo, mwalimu." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu. Una nini usiku huu?" Akampa karatasi. Mzee akavaa miwani, akaisoma neno kwa neno, na kila afikapo mwisho wa fungu alikuwa akiuliza, "Hili umeliona?" Fundi akajibu, "Sikuliona." La pili, "Sikuliona." La tatu, "Sikuliona."

Mzee akauliza, "Basi umeona nini?"

Fundi akafikiri, kisha akasema, "Nimemwona yule mtoto wa kiume sokoni siku moja ya Jumamosi, yuko na bibi yake aliyeshuka na mikungu ya ndizi. Alikuwa amevaa nguo safi. Na rafiki yangu nimemwona akipeleka fedha za matumizi mara tatu, kwani alizihesabu mbele yangu. Baada ya hapo sikuona tena."

Mzee akasema, "Huo ndio ushahidi wako, mwanangu. Yale mengine ni mali ya watu, warudishie wenyewe."

Enyi ndugu, maneno ya mzee huyu hayakutoka kichwani mwake. Mwenyezi Mungu amekataza, katika Surat Al-Israi, aya ya 36, mtu asifuate jambo asilokuwa na ujuzi nalo, akatujulisha ya kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Na katika Surat Yusuf, aya ya 81, nduguze Yusuf walifundishwa wamwambie baba yao kwamba hawakushuhudia ila waliyoyajua. Na katika Surat An-Nisai, aya ya 135, waumini wameamrishwa wasimame na uadilifu, wawe mashahidi kwa ajili ya Mungu, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zao au wazazi wao au jamaa zao. Haikusemwa humo, "ila akiwa ni rafiki yako." Na Surat Al-Maida, aya ya 8, imezidi kutubainishia kwamba hata chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi mke aliyeachwa, hata akiwa umemchukia kiasi gani, haki yake katika ulimi wako haikuachwa pamoja naye.

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowahesabia sahaba zake madhambi makubwa kupita yote, alikuwa ameegemea. Alipofikia ushahidi wa uwongo akaketi sawasawa, akawa akilikariri neno hilo hata sahaba wakatamani anyamaze. Na amepokea Bibi Ummu Salama kwamba Mtume alijulisha ya kuwa yeye ni binadamu, huhukumu kwa yale anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa kutoa hoja kuliko mwenziwe. Basi atakayehukumiwa kupewa haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Tazameni, ndugu zangu. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haigeuzi batili kuwa haki kwa mwenye kudanganya, hukumu ya hakimu wa leo itaigeuzaje? Mtu aliyepewa mtoto kwa hati ya uwongo amechukua moto nyumbani, akaulaza kitandani pake.

Fasili ya kwanza: ulezi si nasaba

Khofu ya baba yule yatokana na kuchanganya mambo mawili. Nasaba ni jambo moja, na ulezi, uitwao hadhana katika vitabu vya fikihi, ni jambo jingine. Nasaba ya mtoto wa ndoa ni ya babake, na Surat Al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Hapana mlima wala mjomba awezaye kuiondoa nasaba hiyo, hata mtoto akila na kulala Kinole miaka yote ya utoto wake. Bali ulezi ni haki ya mtoto kupata mtu wa kumlisha, kumwogesha, kumlaza na kumhifadhi na madhara.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye kutangulizwa katika ulezi wa mtoto mdogo ni mama, kisha mama zake wa upande wa kike, maadamu masharti yametimia: awe na akili, awe mwaminifu juu ya mtoto, wala asiwe ameolewa na mume asiyekuwa na haki katika ulezi wa mtoto yule. Mwanamke mmoja alimwendea Mtume akashitaki kwamba tumbo lake lilikuwa chombo cha mwanawe, na ziwa lake kinywaji chake, na paja lake himaya yake, kisha baba yake amemwacha naye ataka kumpokonya. Mtume akamjibu kwamba yeye mama ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Na mtoto akifikia kupambanua mambo, na mara nyingi huwa katika umri wa miaka 7, hupewa khiari baina ya babake na mamake. Kwani Mtume alimsimamisha kijana mmoja mbele ya wazazi wake, akamwambia ashike mkono wa amtakaye, naye akashika wa mamake. Na gharama za ulezi, mtoto akiwa hana mali yake mwenyewe, ni juu ya baba, wala hazimwondoki kwa sababu mtoto analala kwa mama.

Wanavyuoni wamesema pia ya kwamba mmoja wa wazazi akihama mji kwa kukaa moja kwa moja, baba ndiye mwenye kutangulizwa ili nasaba ihifadhike, kwa sharti la amani ya njia na ya mji aendako. Basi baba wa mfano wetu alikuwa na hoja ya kusema mbele ya wenye kuhukumu, na hoja hiyo haikuhitaji mamake mtoto asingiziwe. Huu ndio msiba wa mwongo: mara nyingi mkononi mwake mna kweli ya kumtosha, akaitupa, akaokota uwongo.

Na asidhani mwanamume kuwa ni unyonge kumwachia mama mtoto. Amepokea Imamu Malik katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar alikuwa ameachana na mke wa Kiansari, mama wa mwanawe Asim. Siku moja alifika Kuba akamkuta mtoto akicheza, akamtwaa, akampakia juu ya mnyama wake. Bibi mzaa mama akamfuata akimgombania, hata wakafika mbele ya Sayyidna Abubakar. Abubakar akaamua Umar amwachie. Na Umar, ambaye majeshi ya wafalme yalitetemeka mbele yake baadaye, hakurudisha neno. Je, katika sisi nani mwanamume kuliko Umar?

Fasili ya pili: sharia ya serikali

Katika Zanzibar ziko mahakama za kadhi zenye nguvu ya serikali. Katika Tanzania Bara, na Morogoro ni katika hiyo, mashauri haya huamuliwa na mahakama za serikali. Mwenye kutaka mahakama ivunje ndoa hupeleka kwanza ugomvi wake katika baraza la usuluhishi la ndoa, na Waislamu wana mabaraza yao. Wala mtu asilifanye baraza hilo kuwa ni mlango wa kupita tu, kwani sulhu imesifiwa katika Kitabu cha Mungu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, imeweka kwamba jambo kubwa la kutazamwa ni maslaha ya mtoto. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa amefikia umri wa kutoa rai yake, na desturi za jamii yao. Tena imechukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni kheri kwake akae na mamake, ila ikithibitishwa kinyume. Mwenye kuijua fikihi ataona kwamba miaka 7 hiyo si migeni kwake. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, ikatilia nguvu maslaha yake na rai yake. Tena afisa wa ustawi wa jamii huweza kutumwa achunguze, afike nyumbani, atazame kitanda na chungu, aulize shuleni na kwa majirani. Basi mwenye kuandika kwamba watoto hawasomi, ajue kwamba daftari la mahudhurio la mwalimu linaweza kumjibu.

Fasili ya tatu: namna ya kuandika hati ya kiapo

Hati ya kiapo ni ushahidi ulioandikwa. Yapasa yajulikane mambo yafuatayo kabla ya kuitia sahihi.

La kwanza, mwenye kuapa aandike jina lake, dini yake, makaazi yake, na uhusiano wake na mtoto. Kisha aandike khabari zake kwa mafungu yenye namba, kila fungu jambo moja, pamoja na siku na mahali. Kusema "baba hapeleki matumizi" ni maneno mepesi. Kusema "alipeleka fedha mwezi fulani na mwezi fulani, na tangu mwezi fulani hakupeleka" ni ushahidi.

La pili, asiandike ila ayajuayo mwenyewe. Hivi ndivyo ilivyo katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, Amri ya 19: hati ya kiapo ishike mambo ambayo mwenye kuapa aweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake. Katika maombi madogo ya katikati ya shauri huruhusiwa kusema analoliamini, kwa sharti aeleze sababu za imani yake. Kwa hiyo mwisho wa hati huwekwa fungu la uthibitisho, lielezalo yapi ayajua mwenyewe na yapi ameambiwa, na ameambiwa na nani. Asiyeweza kumtaja aliyemwambia, na aliache neno lile. Mwenye kuisoma aya ya Surat Al-Israi iliyotajwa juu ataona kwamba Muislamu alifundishwa kanuni hii zamani.

La tatu, asitie ndani yake hoja za kisheria, wala maombi, wala matusi. Mahakama ya Uganda ilibainisha hivyo mwaka 1966 katika shauri la Matovu, na mahakama za Tanzania zimelishika neno hilo. "Nilimwona mtoto ana homa siku fulani, wala hakupelekwa hospitali" ni khabari. "Mama huyu hafai kulea" si khabari, ni hukumu. Na hukumu ni kazi ya hakimu.

La nne, vyeti viambatanishwe: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cha talaka, na risiti za ada na za matibabu zikiwako. Wala kisifichwe cheti chenye kumfaa mwenziwe, kwani Surat Al-Baqara, aya ya 283, imesema juu ya mwenye kuficha ushahidi kwamba moyo wake ni wenye dhambi.

La tano, mwenye kuapa afike kwa mwili wake mbele ya kamishna wa viapo, atie sahihi hapo mbele yake, na paandikwe mahali na tarehe. Kumpelekea mtu karatasi kwa mkono wa mjumbe ikarudi na mhuri ni kuishuhudia sahihi ambayo hakuna aliyeiona. Na asiyejua kusoma, au asiyeijua lugha iliyoandikwa, asomewe na kufahamishwa neno kwa neno, na jambo hilo liandikwe. Tangu mwaka 2021 sharia imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi hapana udhuru wa mtu kuapa juu ya maneno asiyoyafahamu.

La sita, Muislamu huandika katika hati hiyo neno "nathibitisha" mahali ambapo Mkristo huandika "naapa". Wako wanaolipumbaza jambo hili, wakasema, "Mimi sikuapa kwa jina la Mungu." Ole wao! Je, ushahidi wa uwongo ulioketisha Mtume baada ya kuegemea ulikuwa na sharti la kiapo? Mwenye kuthibitisha ameshuhudia, na mwenye kushuhudia uwongo amekwisha. Na hapa duniani, Kanuni ya Adhabu imemwekea mwenye kusema uwongo katika shauri kifungo kiwezacho kufika miaka 7. Tena mahakama yaweza kumwita aulizwe maswali juu ya kila fungu, naye asimame mbele ya watu akitafuta macho aliyoyaonea mambo ambayo hakuyaona.

Khatima

Asubuhi ya pili fundi alimrudishia rafiki yake karatasi, pamoja na nyingine aliyoiandika kwa mkono wake, yenye mambo mawili tu: nguo safi za mtoto, na fedha zilizopelekwa mara tatu. Baba akasoma, akakasirika, akasema, "Hii yamfaa mamake kuliko mimi." Fundi akasema, "Nusu yake yakufaa wewe. Umetoa mara tatu. Toa ya nne, nami nitaiandika."

Mfano huu haukupigwa ili ijulikane nani alishinda. Umepigwa ili kila mtu ajiulize: karatasi ile ikisomwa na mtoto mwenyewe atakapokuwa mtu mzima, atawaonaje wazazi wake? Kwani karatasi za mahakama huwekwa. Mtoto wa miaka 8 aweza siku moja, naye ana miaka 30, kusoma kwamba babake alimwita mamake mzinzi, au kwamba mamake alimwita babake mlevi, na yeye akakumbuka kwamba haikuwa hivyo. Wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Na nyasi hizi zina macho na zina kumbukumbu.

Na maneno haya ni kwa mjomba pia na kwa mama. Mwenye kumficha mtoto mlimani ili babake asimwone amedhulumu kama yule mwenye kumpokonya. Surat Al-Baqara, aya ya 233, imekataza mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Mizani ni moja, ina vitanga viwili.

Basi, enyi ndugu, mwenye kuijia siku ya shauri la mtoto na aanze kwa udhu na rakaa mbili, kisha aichukue hati yake, aisome fungu kwa fungu, na mwisho wa kila fungu ajiulize lile swali la mzee: "Hili umeliona?" Alilolijibia "sikuliona" na alipige mstari. Litakalobaki, hata likiwa fungu moja, ndilo litakalosimama mbele ya hakimu wa Morogoro leo, na mbele ya Hakimu wa mahakimu kesho.

Ee Mola, zihifadhi ndimi zetu na uwongo, na mikono yetu na sahihi za batili. Walinde watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote na ugomvi wa wazazi wao. Patanisha baina ya walioachana kwa wema, na utujaalie tuirudishe amana yako kama tulivyoipokea. Amin.